Jemadari na Hesabu ya Waliokufa: Kumkumbuka Peng Dehuai



Ipo picha moja ya vita ambayo Wachina wengi wanaitambua kabla hujawaambia ni ya nani. Mwanamume wa makamo, sare imechakaa, amejiegemeza kwenye ukingo wa handaki, darubini machoni. Aliipiga Xu Xiaobing mwishoni mwa Oktoba 1940, mahali paitwapo Guanjianao, wilaya ya Wuxiang, mkoa wa Shanxi. Mtu huyo ni Peng Dehuai, naibu kamanda wa Jeshi la Njia ya Nane la Wakomunisti, na Wajapani aliokuwa akiwatazama walikuwa mita mia chache tu mbele yake. Picha hiyo imechapwa vitabuni na kutundikwa katika majumba ya makumbusho, na watazamaji huambiwa: tazameni ushujaa wa jemadari anayesimama mstari wa mbele.

Ushujaa upo. Ila pigano lile lilikuwa kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la huyo mwenye darubini.

Kikosi cha Wajapani wapatao 500, chini ya ofisa aitwaye Okazaki, kilikuwa kimepenya hadi ndani ya eneo la Wakomunisti, kisha kikajichimbia juu ya kilima. Peng aliona ni aibu watu wachache hivyo waingie na kutoka kama wageni waalikwa. Akaamuru wamalizwe wote. Kilima kilikuwa na mteremko mkali, Wajapani walikuwa na bunduki za rashasha na ndege za kuwasaidia, na washambuliaji hawakuwa na mizinga ya maana. Liu Bocheng, kamanda wa Divisheni ya 129, alimwomba alegeze mzingiro, adui ashuke, wakamvizie njiani. Peng alimjibu kwa ukali na kuendelea. Okazaki aliuawa, lakini kilima hakikutwaliwa, na nyongeza ya askari wa Kijapani ilipofika Peng akalazimika kuondoka. Zipo kombania zilizopanda zikiwa kamili na kurudi na watu wa kuhesabika kwa vidole.

Nimeanza na kosa kwa makusudi. Peng Dehuai amesimuliwa kwa namna mbili tu kwa muda mrefu. Kwanza alikuwa msaliti, na kwa miaka karibu 20 jina lake halikutajwa China ila kwa kutukanwa. Kisha akawa mtakatifu, msema kweli asiye na doa. Mimi nina jambo moja la kusema jioni hii, nalo ni kwamba urithi wake wa vita haumo katika ushindi wake, ambao wenzake kadhaa waliupita. Umo katika tabia iliyokomaa ndani yake polepole, kwa gharama ya damu ya watu wengine, ya kuhesabu waliokufa na kuipeleka hesabu hiyo juu kwa wakubwa, bila kuikarabati njiani. Tabia hiyo ndiyo iliyompandisha cheo, na hiyohiyo ndiyo iliyomuua.

Alizaliwa mwaka 1898 katika wilaya ya Xiangtan, mkoa wa Hunan, wilaya moja na Mao Zedong. Mama yake alikufa yeye akiwa mtoto wa miaka kama minane, na mdogo wake mchanga alikufa kwa njaa baada ya hapo. Siku ya mwaka mpya alitumwa pamoja na ndugu yake kwenda kuomba chakula. Kesho yake alikataa katakata kwenda tena. Basi akatoka bibi yake, mwanamke aliyevuka miaka 70, mwenye miguu iliyofungwa tangu utotoni kama ilivyokuwa desturi, akawashika wajukuu wadogo mkono wakaenda kuomba katika baridi. Peng alipanda mlimani kukata kuni. Jioni bibi aliporudi na mchele, mjukuu hakutaka kula. Kisa hiki kimo katika maandishi yake ya uzeeni, na wanaoandika habari zake hukitumia kuonyesha kiburi cha maskini. Mimi nakiona kwa upande mwingine: huyu ni mtu ambaye mapema sana alijua ni nani anayelipa pale mtu mwingine anapoilinda heshima yake.

Akafanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe, kisha kwenye matuta ya kuzuia maji ya ziwa Dongting, na mwaka 1916 akajiunga na jeshi la mkoa. Hayo ni ya haraka, kwa sababu ndiyo maisha ya maelfu ya vijana wa Hunan wa wakati ule. Mwezi Aprili 1928 aliingia Chama cha Kikomunisti kwa siri, na Julai mwaka huohuo, akiwa ofisa wa jeshi la serikali, akaongoza uasi wa Pingjiang na kwenda na watu wake kuungana na majeshi ya Mao na Zhu De katika milima ya Jinggang.

Mwaka 1934 ndipo tabia ninayoizungumzia inapoonekana kwa mara ya kwanza wazi. Majeshi ya serikali ya Chiang Kai-shek yalikuwa yakiwabana Wakomunisti kwa pete ya ngome ndogondogo huko Jiangxi. Mshauri wa kijeshi aliyetumwa na jumuiya ya kimataifa ya Kikomunisti, Mjerumani Otto Braun, aliona njia ni kujenga ngome pia na kupigana uso kwa uso. Mwezi Aprili, huko Guangchang, mpango huo uligharimu Jeshi Jekundu zaidi ya watu 5,000 kati ya waliouawa na waliojeruhiwa, na batalioni nzima iliyowekwa ndani ya ngome iliyodaiwa kuwa imara ilitoweka na ngome yake.

Usiku Peng aliitwa mbele ya Braun. Alimweleza kwamba mbinu ya kijeshi ya kuchora mishale kwenye ramani haiwalishi askari wala haiwapi risasi, kisha akamtupia methali ya Hunan kuhusu mtoto anayeuza shamba la babu yake bila moyo kumuuma. Mkalimani, kwa adabu, akairuka methali. Peng alipoona Mjerumani hakukasirika akajua amepunjwa, akamwomba Yang Shangkun, ambaye miongo mitano baadaye alikuja kuwa rais wa nchi, aifasiri tena yote. Hapo Braun akafoka. Peng mwenyewe anasema alikuwa ameshatia sare kuukuu katika mkoba, tayari kukamatwa, kuhukumiwa na hata kukatwa kichwa. Hakukamatwa. Mwezi Oktoba walianza Safari Ndefu, na mwisho wake Mao akamtungia Peng shairi fupi la sifa. Kwa simulizi yake mwenyewe, Peng alilifuta jina la jemadari katika mstari wa mwisho akaweka Jeshi Jekundu.

Sasa turudi Shanxi. Guanjianao ilikuwa kipande cha mwisho cha jambo kubwa, kampeni inayoitwa ya Rejimenti Mia. Ilianza usiku wa Agosti 20, 1940, kwa kushambulia reli ya kutoka Shijiazhuang hadi Taiyuan. Kwa siku kadhaa reli iling'olewa, madaraja yakalipuliwa, na mgodi wa makaa ya mawe wa Jingxing, uliolisha viwanda vya Wajapani, ukaharibiwa. Mpango wa awali ulitaka rejimenti 22. Zilipohesabiwa zilizokwisha kuingia vitani kwa hamasa, zilikuwa 105. Ndiyo asili ya jina.

Tuelewe kwa nini alipiga. Wajapani walikuwa wakitumia reli kama nguzo, barabara kama minyororo na ngome kama kufuli, na kila mwezi eneo la waasi lilipungua. Huko Chongqing, serikali ya Chiang ilikuwa ikisema kwamba Jeshi la Njia ya Nane linazurura bila kupigana. Nchi nzima ilikuwa imekata tamaa. Habari za reli iliyokatwa zilipoenea, Mao alimpelekea Peng simu ya pongezi na kumuuliza kama angeweza kupanga mapigo mengine ya namna hiyo.

Malipo yalikuja. Jenerali Okamura Yasuji alipokabidhiwa majeshi ya Kijapani ya kaskazini mwaka 1941, misako iliongezeka kwa ukatili ambao Wachina waliupa jina la zote tatu: ua wote, choma vyote, pora vyote. Vijiji vilifutwa. Jeshi la Njia ya Nane, lililokuwa na watu karibu 400,000, lilishuka hadi kama 300,000. Mwezi Mei 1942 makao makuu yenyewe yalizingirwa na naibu mnadhimu mkuu, Zuo Quan, rafiki wa karibu wa Peng, aliuawa akiwaondoa watu kwenye mzingiro. Ndiye ofisa wa cheo cha juu kuliko wote wa jeshi hilo kufa katika vita na Japani.

Je, Rejimenti Mia ilikuwa kosa? Wanahistoria bado wanabishana, na mimi nina upande. Pigo la kwanza, la reli, lilikuwa sahihi na la lazima. Jeshi linalodai kuwa la umma haliwezi kukaa milimani likihifadhi nguvu huku umma unachinjwa. Awamu za baadaye, za kushambulia ngome kwa vifua, hazikuwa na sababu ya kutosha. Peng mwenyewe alikuja kukiri kwamba aliharakisha tarehe bila kungoja idhini ya tume ya kijeshi ya chama, na kwamba aliurefusha mchezo kupita kiasi.

Lakini waliomshambulia hawakuuliza swali hilo. Katika vikao vya chama huko Yan'an vya mwaka 1945 aliambiwa amemfunulia adui nguvu zilizofichwa, na kwa kufanya hivyo amemsaidia Chiang. Pongezi za mwaka 1940 zilisahauliwa. Pigano lilelile, reli ileile, wafu walewale. Kilichobadilika ni nani alihitaji kuwa na haki. Peng alivumilia, akakubali makosa mengine na kukataa mengine.

Korea ndiko nitakakokaa zaidi, maana huko ndiko alikoonyesha kwamba somo la Guanjianao lilimwingia.

Mwanzoni mwa Oktoba 1950 ndege ilimchukua kutoka Xi'an hadi Beijing bila kumweleza sababu. Alikuta viongozi wanabishana kama waingie vitani dhidi ya Marekani. Lin Biao, aliyetazamiwa kuongoza, alisema ni mgonjwa. Usiku huo Peng hakuweza kulala kwenye godoro laini la hoteli, akalala sakafuni, na asubuhi akakubali. Tarehe 19 Oktoba, jioni, alivuka mto Yalu akiwa na watu wachache sana, akitangulia mbele ya jeshi lake mwenyewe. Ndege za Kisovieti alizoahidiwa hazikuwepo.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya ushindi ambao ulishangaza dunia. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalisukumwa kutoka karibu na mpaka wa China hadi kusini ya Seoul, na mji huo ulitwaliwa tarehe 4 Januari 1951. Tarehe 25 Novemba 1950, katika shambulio la ndege kwenye makao makuu ya Peng, aliungua hadi kufa mtoto wa Mao, Mao Anying. Peng alishauri azikwe Korea pamoja na askari wengine, na huko ndiko kaburi lake liliko.

Nyuma ya ushindi hesabu ilikuwa nyingine. Majeshi ya Song Shilun, yaliyotolewa mashariki mwa China yakiwa na nguo za msimu wa huko, yalipelekwa moja kwa moja kwenye milima ya bwawa la Changjin. Karibu watu 30,000 waliathiriwa na baridi, miguu ikaoza, na wapo waliokutwa wamelala katika nafasi zao za kuvizia, bunduki mkononi, wamekwisha kuganda. Malori yalilipuliwa barabarani kila usiku. Askari alibeba unga wa kukaanga begani, akautafuna na theluji. Chakula hicho kilitosha wiki moja hivi, na maofisa wa Marekani waligundua jambo hilo haraka: Mchina hushambulia kwa wiki, kisha husimama.

Kwa hiyo baada ya Seoul, Peng aliamuru jeshi lisimame kwenye latitudo ya 37. Balozi wa Kisovieti alimlaumu. Kim Il Sung alitaka waendelee hadi baharini. Peng hakukubali. Na mwezi Februari alipoona kwamba Beijing bado inawaza ushindi wa haraka, aliondoka mstari wa mbele usiku kwa gari, akapanda ndege, akafika nyumbani kwa Mao mchana wakati amelala. Walinzi walimzuia. Akapita. Mao alitania kwamba hakuna mwingine anayeweza kumwingilia mtu usingizini ili kutoa taarifa. Peng akamweleza: vita hivi haviishi haraka. Mao alikubali, na huo ulikuwa mgeuko wa sera nzima.

Siku chache baadaye, mbele ya Zhou Enlai na wakuu wa idara za kijeshi, aliwasikiliza maofisa wakieleza kwa nini hili gumu na lile haliwezekani. Aligonga meza. Aliwaambia waende wakaone askari wanavyokula na kuvaa, kisha warudi waseme habari za ugumu. Mwezi Mei jeshi lilipata kamandi maalumu ya ugavi chini ya Hong Xuezhi, na kuanzia hapo unga, risasi na nguo vikaanza kufika. Wanahistoria wa kijeshi hupenda habari za mbinu za usiku na mahandaki. Kwangu mimi, meza iliyogongwa Beijing iliokoa watu wengi kuliko mbinu yoyote.

Wala hakutakasika. Mwezi Aprili na Mei 1951 alianzisha mashambulizi ya tano kwa pupa, na Divisheni ya 180 ikazingirwa na kuvunjika, maelfu wakatekwa. Aliyahesabu baadaye miongoni mwa makosa yake makubwa maishani. Na mateka wapatao 7,000 waliochagua kurudi China badala ya kwenda Taiwan walipokewa kwa mashaka. Wengi walifukuzwa chama na kuishi na doa hilo hadi miaka ya 1980. Hayo yalianza wakati Peng ndiye aliyekuwa akiendesha shughuli za kila siku za jeshi. Anayemsifu lazima alitaje hilo pia.

Alitia saini mkataba wa kusitisha mapigano huko Kaesong tarehe 28 Julai 1953. China, kwa hesabu yake rasmi, ilipoteza watu zaidi ya 197,000.

Mwaka 1954 akawa waziri wa ulinzi, mwaka uliofuata akapewa cheo cha Marshal. Mwishoni mwa 1958 alirudi Hunan, wakati wa ule Mruko Mkubwa wa Kusonga Mbele, kampeni ya Mao ya kuongeza mavuno na chuma kwa haraka. Alikuta mavuno ya kwenye karatasi ni mengi kuliko ya shambani, vyungu vya wakulima vimeyeyushwa kuwa chuma kisichofaa kitu, na watu wana njaa. Mtu aliyekuwa amezoea kusoma taarifa za vita alijua mara moja anachokitazama: makamanda wa chini wanawadanganya wa juu kwa sababu wa juu wanataka kudanganywa.

Katika mkutano wa Lushan, tarehe 14 Julai 1959, alimwandikia Mao barua. Ni barua ya heshima, imejaa sifa kabla ya lawama, na kwa kipimo cha Guangchang ni laini kabisa. Mao aliichapisha na kuisambaza, na tarehe 23 akaigeuza kuwa shauri la uasi. Peng alivuliwa uwaziri, nao akapewa Lin Biao. Hong Xuezhi wa ugavi akaanguka naye. Na kwa kuwa mtu aliyeshinda vita hawezi kuangushwa pasipo kuvigusa vita vyenyewe, Rejimenti Mia ikafufuliwa tena kama jinai. Njaa aliyoitolea onyo iliendelea hadi mwaka 1961, na makadirio ya waliokufa yanafika makumi ya mamilioni.

Hapa niseme neno kwa ajili yetu. Zhou Enlai alipokuja Dar es Salaam mwezi Juni 1965, na wakufunzi wa kijeshi wa Kichina walipokuwa wameshaanza kazi Tanzania, Peng alikuwa anaishi chini ya ulinzi katika kitongoji cha Beijing, akilima mboga. Kizazi cha wapigania uhuru waliopita katika miji yetu walijifunza vita vya Wachina kwa kupitia Mao na Lin Biao. Jina la mtu aliyeongoza vita vikubwa kuliko vyote vya jeshi la China nje ya nchi yake halikuwemo katika mafunzo. Tulipokea historia ikiwa imekwisha kukatwa.

Mwisho wake ulikuwa mbaya. Desemba 1966 Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, walimkamata Chengdu, alikokuwa amehamishiwa, na kumpeleka Beijing. Mwaka uliofuata alipigwa hadharani hadi mbavu zikavunjika. Alikufa tarehe 29 Novemba 1974, majivu yake yakapelekwa Chengdu kwa jina la kubuni, Wang Chuan, kama raia asiyejulikana. Desemba 1978 yalirudishwa Beijing kwa heshima na Deng Xiaoping akasoma wasifu, na mwaka 1981 chama kikaandika katika azimio lake kwamba kampeni dhidi yake ya Lushan ilikuwa kosa tupu.

Mwaka huohuo 1981 kilitoka kitabu cha maisha yake. Hakukiandika kama kitabu. Sehemu kubwa ni majibu kwa wapelelezi wake gerezani, waliomtaka aandike maisha yake tena na tena wapate pa kumnasa. Sehemu nyingine inatokana na waraka wake mrefu wa mwaka 1962, ambao nakala yake ilifichwa na binti wa mdogo wake. Ndiyo maana kina ukavu wa pekee: tarehe, kikosi, walioingia, waliorudi, kosa langu hapa, hili sikulifanya. Kwa hukumu yangu, uwanjani Lin Biao na jemadari mwenzao Su Yu walikuwa mafundi wakubwa kuliko yeye. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeacha maandishi ya ukweli wa namna hiyo kuhusu watu aliowapoteza.

Vijana mnaosoma Kichina katika vyuo vyetu, na sasa ni wengi, msiishie kwenye lugha ya biashara na utalii. Chukueni kitabu hicho mkitie katika Kiswahili chote kizima, pamoja na kurasa zinazomwaibisha mwenyewe.